Mawazo Mapya Hutoka Wapi?

Mwishoni mwa mwaka 2016, muhula ukikaribia kwisha, mwanafunzi mmoja wa kike wa mwaka wa tatu alikuja ofisini kwangu kuchukua kazi yake niliyokwisha kuisahihisha. Alikuja na mwenzake ambaye hakuingia. Alibaki amesimama mlangoni, begi lake amelikumbatia kifuani. Tulipomaliza yaliyomleta, mwanafunzi yule alisita kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, naomba uniwie radhi. Makala zako nazisoma zote, nyingine huwa nawasomea hata watu wa nyumbani. Lakini siku hizi nikishaona kichwa cha makala, najua utaanzia wapi na utaishia wapi."

Hakusema kwa kejeli. Angesema kwa kejeli, ningepata pa kujitetea. Alisema kwa upole, kama mtu anayemjulisha jirani yake kwamba nguo alizoanika zimeanza kunyeshewa. Nilicheka, nikamshukuru, nikamwambia "nitalifanyia kazi", maneno ambayo sisi tuliozoea vikao huyatamka pale ambapo hatukusudii kufanya lolote.

Hata hivyo, usiku ule nilizitandaza mezani makala zangu kumi na mbili za mwisho, nikazisoma moja baada ya nyingine kama msahihishaji anavyosoma vitabu vya majibu ya mtihani. Saba kati ya hizo zilimalizika kwa sentensi ambayo, ukibadilisha nomino moja au mbili, ilikuwa ileile: kwamba wakati umefika kwa serikali na wadau wote kushirikiana ili kulipatia tatizo hili ufumbuzi wa kudumu. Neno "wadau" nilikuwa nimelitumia mara thelathini na moja. Nilijiuliza wadau hao ni akina nani, wanaishi mtaa gani, na kama nimewahi kukutana na hata mmoja wao.

Nililiona na jambo la pili. Mada sikuwa nikizichagua mimi. Nilikuwa nikichaguliwa na kalenda. Januari shule zinapofunguliwa, naandika kuhusu elimu. Machi tarehe 8, naandika kuhusu wanawake. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo kwa mujibu wa ibara ya 143 ya Katiba hukabidhiwa kwa Rais kisha zikapelekwa bungeni, huwafikia wananchi Aprili, nami Aprili naandika kuhusu ubadhirifu. Tarehe 26 ya mwezi huohuo naandika kuhusu Muungano. Juni ni bajeti. Oktoba tarehe 14 namkumbuka Mwalimu Nyerere. Desemba tarehe 9 nauliza kama kweli tuko huru. Mambo yote hayo yanastahili kuandikwa. Lakini waandishi wenzangu nao walikuwa na kalenda hiyohiyo ukutani, na sote tulikuwa tukiyasema yaleyale katika juma lilelile, kila mmoja akiamini kwamba anaisemea jamii.

Dawa ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa ya kisomi: kusoma zaidi. Niliongeza idadi ya magazeti, nikafuatilia mijadala mitandaoni, nikasoma wachambuzi wa nchi jirani na wa mbali. Matokeo yake yalikuwa mabaya kuliko ugonjwa. Nilianza kuandika maoni juu ya maoni ya watu kuhusu maoni ya watu wengine. Nilikuwa kama dobi anayefua nguo zilizokwisha kufuliwa: mikono imelowa, povu ni jingi, na kanzu ni ileile.

Ndipo ilipofika Januari 2017, nami nikafanya kama kawaida. Niliandika kuhusu michango shuleni. Wakati huo utaratibu wa elimumsingi bila malipo, uliotangazwa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 na kuanza kutekelezwa Januari 2016, ulikuwa umetimiza mwaka mmoja, na malalamiko ya wazazi kwamba bado wanatozwa fedha yalikuwa mengi. Niliandika kwa ukali. Nilisema kwamba baadhi ya walimu wakuu wamegeuza sera nzuri kuwa mtaji wao, na nikahitimisha, bila shaka, kwa kuwataka wadau wachukue hatua. Makala ile ilisifiwa sana. Nilipokea pongezi nyingi kuliko kwa makala yoyote ya mwaka uliotangulia, na sentensi ya yule mwanafunzi ikaanza kunitoka kichwani.

Wiki mbili baadaye nililetewa barua kupitia masjala ya idara yetu. Ilikuwa ya karatasi, imeandikwa kwa mkono, kwa zile herufi zilizonyooka za watu waliozoea kuandika ubaoni. Ilikuwa fupi. Mwandishi wake alisema yeye ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi pembezoni mwa jiji, amesoma makala yangu, na haandiki ili kukana. "Ninakuomba jambo moja," aliandika. "Uje ukae ofisini kwangu siku moja tu, uangalie daftari la fedha. Baada ya hapo uandike upya, au uandike vilevile, utakavyoona mwenyewe."

Nilikasirika. Niliitia barua droo ya chini na kuiacha huko kwa wiki tatu. Nilitunga kichwani majibu kadhaa ya heshima, yote yakieleza kwamba mchambuzi hujadili mfumo, wala si shule moja. Kilichonitoa nyumbani hatimaye si unyenyekevu. Ni kwamba kila jibu nililolitunga, nililijua litaishia wapi.

Nilipanda daladala mbili na bodaboda. Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo, amebakiza miaka michache kustaafu. Nilimwamkia, akaitika: "Marahaba, mwanangu. Kumbe ni kijana hivi? Kwa maandishi yale nilitegemea mzee." Akanikaribisha kwenye kiti cha pekee chenye mgongo, yeye akakaa kwenye benchi la wageni. Ofisini mlikuwa na kabati lisilofunga vizuri, rundo la madaftari, na boksi la chaki alilolifungia kwenye sanduku la bati kama mtu anavyofungia fedha. Nje, darasa la kwanza lilikuwa na watoto 212 katika vyumba viwili. Ada ilipofutwa, wazazi walikuwa wamewaleta watoto kwa wingi, hata wale waliokuwa wamewaacha nyumbani kwa miaka miwili au mitatu.

Alifungua daftari, akanitaka nimwambie ruzuku ya uendeshaji ni kiasi gani kwa mwanafunzi. Swali hilo nililijibu haraka, maana nilikuwa nalifundisha. Ni shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, nilisema; 4,000 hubakizwa kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huenda shuleni. Nilimwongezea kwamba kiwango hicho kilianza na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM, mwaka 2002, na kwamba wakati huo kilikadiriwa kuwa sawa na dola 10 za Marekani. Aliniacha nimalize. Kisha akachukua penseli, akaandika 6,000 pembeni mwa karatasi, akaigawanya kwa 12.

"Mia tano kwa mwezi, mwanangu," akasema. "Nauli ya daladala ya mtu mzima, kwenda na kurudi, haitoshi."

Namba ile nilikuwa nimeifundisha kwa miaka sita. Nilikuwa nimeionyesha ukutani mbele ya mamia ya wanafunzi, wengi wao leo ni maofisa katika halmashauri mbalimbali. Nilikuwa nimeitungia swali la mtihani. Sikuwahi kuigawanya kwa kumi na mbili. Wala sikuwahi kujiuliza kwamba mwaka 2002 dola moja ilikuwa chini kidogo ya shilingi 1,000, ilhali siku ile nilipokaa kwenye kiti chenye mgongo ilikuwa imevuka 2,200. Yaani ile dola 10 ya mtoto ilikuwa imesinyaa hadi chini ya dola 5 pasipo mtu yeyote kutia saini ya kuipunguza.

Shule ile ilikuwa na wanafunzi wapatao 900. Kwa hiyo, mwezi ambao fedha zilikuja kamili, zilikuwa kama shilingi 450,000. Tulipitia ukurasa mmoja mmoja. Umeme. Maji. Chaki. Karatasi na uchapaji wa mitihani ya mwezi. Kufuli. Mbao na misumari ya madawati. Nauli ya mwalimu kupeleka taarifa halmashauri, kisha nauli ya kuipeleka tena kwa sababu fomu imebadilika. Mlinzi wa usiku hakuwamo. Malipo yake, mwalimu mkuu alinieleza, yalitoka kwa wazazi, kwa ule mchango ambao mimi niliuita mtaji.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kurudi nyumbani na makala mpya inayosema kinyume cha ile ya zamani. Lakini katika ukurasa wa Oktoba palikuwa na shilingi 180,000 zilizotolewa bila risiti, zimeandikwa neno moja tu: "mengineyo". Nilimuuliza. Alinyamaza kwa muda, akalifunga daftari, akalifungua tena.

"Hicho ni chakula cha wageni," alisema. "Walikuja kukagua." Kisha akaniangalia usoni. "Wageni wenyewe ni kama wewe hivi. Wanakuja kuangalia daftari. Na hilo liandike."

Niliporudi sikuandika juma lile wala lililofuata. Sikuwa na mahali pa kuishia. Nilikuwa na mwalimu mkuu mwaminifu ambaye daftari lake lilikuwa na doa. Wakaguzi waliotumwa kulinda fedha za watoto ambao walikula fedha za watoto. Wazazi waliokuwa na haki ya kulalamika na ambao bila mchango wao shule isingekuwa na mlinzi. Na mhadhiri mmoja aliyekuwa akifundisha hesabu asizozifanya. Hatimaye niliandika makala iliyokuwa na swali badala ya hukumu: shilingi 500 kwa mwezi inanunua nini, na isichokinunua kinalipwa na nani? Doa la daftari nililitaja, kwa ruhusa yake, bila jina lake wala la shule.

Pongezi zilikuwa chache mara hii. Lakini barua zilikuwa za namna nyingine. Ofisa mmoja wa halmashauri alinieleza jinsi fedha zinavyoweza kufika pungufu na kwa nini. Mzazi mmoja aliniandikia kwa uchungu kwamba nimekuwa laini mno: mtoto wake alirudishwa nyumbani kwa kukosa shilingi 2,000, akakosa mtihani, na habari za mlinzi hazikumfuta machozi. Alikuwa na haki. Barua hizo mbili zilinipa makala nne zilizofuata. Mimi niliyekuwa nikilalamika kwamba mada zimekwisha, sasa nilikuwa na foleni.

Nimesimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu wanafunzi na waandishi chipukizi huniuliza mara kwa mara nayatoa wapi mawazo ya kuandika. Jibu langu ni kwamba mada kuukuu kuliko zote, michango shuleni, iligeuka kuwa mpya siku nilipoiendea na swali ambalo sikuwa na jibu lake. Kabla ya hapo nilikuwa nikiandika majibu. Na majibu tuliyonayo ni machache. Hesabu yake huisha mapema, hata kwa mtu aliyesoma sana. Maswali ya kweli hayana upungufu huo, ila yana gharama: ni lazima uwe tayari kuonekana hukujua, na pengine kuonekana ulikosea hadharani.

Kuna wakongwe waliolifahamu hili kabla yetu. Shaaban Robert, tunayemsoma leo kama nguli, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni tangu mwaka 1926, akianzia ukarani wa forodha. Hakuwa na likizo ya utafiti wala ruzuku ya uandishi. Alipochagua mtu wa kumwandikia wasifu, hakumchagua sultani wala gavana. Alimchagua Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika ufukara, aliyetembeza vyungu mitaani kabla ya sauti yake kusikika hadi Bombay, alikokwenda kurekodi mwaka 1928. Maelfu walimjua na kumsikiliza. Wazo la kwamba maisha yake yanastahili kitabu lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu, na Shaaban Robert ndiye aliyeliokota.

Mwanasosholojia wa Marekani C. Wright Mills, katika kiambatisho cha kitabu chake The Sociological Imagination cha mwaka 1959, aliwashauri wanaoanza kazi ya fikra wawe na jalada: mahali pa kuweka kila kinachowagusa, kuanzia wazo la kitaaluma hadi mazungumzo waliyoyasikia njiani. Alishauri pia jalada hilo lipanguliwe mara kwa mara na kupangwa upya, ili karatasi ambazo hazikuwa zikijuana zikutane. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnalijua jalada vizuri kuliko Mills. Tofauti ni kwamba jalada la ofisini hufungwa shauri likiisha, na hili halifungwi.

Nami nilianza langu baada ya safari ile. Ni daftari la kawaida la kurasa mia moja, na lina sharti moja tu: humo haliandikwi wazo wala msimamo, ni swali peke yake, tena liwe swali ambalo nikiulizwa sasa hivi siwezi kulijibu. Siku nyingine huwa silipati hata moja, na siku hizo huniambia jambo kuhusu nilivyoishi: nimeshinda na watu wanaofikiri kama mimi. Mengi ya maswali yangu hutoka katika sehemu tatu.

Ya kwanza ni nyaraka ambazo kila mtu huzitaja na wachache huzifikisha mwisho. Hotuba ya bajeti husomwa na wengi. Majedwali yake hayana wasomaji. Sheria hutajwa kwa jina, lakini vifungu vya tafsiri ya maneno, mwanzoni kabisa, hurukwa. Mara nyingi lililo zito huwa ndani ya jedwali au ndani ya tafsiri ya neno moja.

Ya pili ni lugha yenyewe. Tangu siku ile nimekuwa nikiyashuku maneno ninayoyatumia bila kufikiri. Chukua neno "mchango". Kuchanga ni kutoa kwa hiari, kila mtu kwa uwezo wake, kwa jambo la pamoja: msiba, harusi, ujenzi wa zahanati. Tunaposema "mchango wa lazima" tumeyafunga pamoja maneno mawili yanayopigana, na mtoto aliyerudishwa nyumbani ndiye anayeumia katika ugomvi huo. Kama ni lazima, ni kodi au ni ada, na vyote viwili vina utaratibu wake wa kisheria. Kama ni mchango, hakuna wa kurudishwa. Jaribu pia kumweleza bibi yako kijijini maana ya "uwezeshaji", "ushirikishwaji" au "mchakato". Pale utakapokwama, simama hapohapo, umepata makala.

Ya tatu ni mtu anayekupinga kwa sababu ya anayoyaona kila siku. Sisemi mpinzani wa kubishana, hao tunao wa kutosha. Nasema karani, nesi, askari wa doria, mwalimu mkuu, mtu ambaye sera unayoichambua humfikia ikiwa kazi ya mikono. Akikuambia "haiko hivyo", usimjibu. Muulize ikoje, kisha nyamaza.

Ningetamani kumalizia hapa, kwa kuwa makala ingekuwa imetimia na ushauri ungekuwa mzuri. Lakini nitakuwa nimewaficha sehemu ngumu zaidi ya jambo hili. Nilipolipangua daftari langu hivi karibuni, kama Mills alivyoshauri, niligundua kwamba maswali niliyokwisha kuyaandikia yalikuwa na kitu kimoja kinachofanana: yote yalikuwa mbali na mlango wangu. Wizara, halmashauri, shule za msingi, bandari, mahakama. Na yale niliyoyaruka mwaka hadi mwaka yalikuwa ya karibu. Nilikuwa nikijiambia hayajaiva. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipowaandikia wenzake wa TANU kijitabu alikiita Tujisahihishe, na ninaanza kuelewa kwa nini kitenzi kile kina "ji" ndani yake. Kusahihisha wengine ndiyo kazi inayonilisha. Sijaona popote nilipolipwa kwa kujisahihisha.

Kuna swali moja nililiandika Machi 2019. Linasema: Kwa nini wanafunzi wa kike huja ofisini kwangu wawili wawili?

Nililiandika baada ya kuligundua jambo hilo kwa mara ya kwanza, ingawa lilikuwa likitokea tangu nilipoanza kazi. Wavulana huja mmoja mmoja. Wasichana huja na mwenzao, na mwenzao hubaki mlangoni. Nilimkumbuka hata yule aliyekumbatia begi lake kifuani siku niliyoambiwa ukweli kuhusu makala zangu. Nilimwona kwa macho yangu, na sikuuliza anafanya nini pale.

Jibu nililijua nusu, kama wote tunavyolijua nusu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, na inamlenga mtu mwenye mamlaka anayeitumia nafasi yake kudai ngono kama sharti la kumpa mwingine haki au upendeleo. Nimekifundisha kifungu hicho pia, kama nilivyofundisha shilingi 6,000. Nusu nyingine sikutaka kuijua, kwa kuwa ingenilazimu kuwatazama watu ninaokunywa nao chai saa nne. Na ingenilazimu kukubali jambo linaloniuma zaidi: mimi sijamfanyia mwanafunzi ubaya huo, lakini msichana aliyesimama mlangoni hakuwa na namna ya kulijua hilo. Kwake nilikuwa ofisi mojawapo.

Mwezi uliopita nilimuuliza mmoja wa wahitimu wetu, ambaye sasa ni mtumishi wa umma na tunaheshimiana. Nilimuuliza wazi, bila maneno ya vikao. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba tangu wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza dada zao waliwaambia: usiende peke yako.

"Kwa ofisi ya nani?" nilimuuliza.

"Ya yeyote, Mwalimu."

Nimeanza kuwauliza na wengine, wa zamani na wa sasa, na nimewaeleza wenzangu idarani kwamba ninauliza. Wawili wamenishauri kwa upole nitafute mada nyingine, maana ziko nyingi. Ni kweli, ziko nyingi. Juni inakuja na bajeti yake. Wewe msomaji, ikiwa ulikuwa mmoja wa waliosimama mlangoni, au ulikuwa ndani ya ofisi, au uliyajua haya ukanyamaza kama mimi, niandikie. Jina lako halitatajwa.

Makala ijayo itaanzia mlangoni pale. Itakakoishia, safari hii, sikujui.